Nani ameshika funguo? Jibu kwa mweka hazina wa kikoba, Makorora

Swali

Assalaam aleykum mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Makorora, Tanga. Mzunguko wetu tunaufunga Desemba, na sandukuni tuna zaidi ya milioni tisa. Mtoto wa marehemu dada yangu, kijana niliyemlea kwa mikono yangu, anafanya biashara ya kripto, hizi sarafu za mtandaoni. Anatuomba milioni nne aziingize kwenye kampuni inayotoa asilimia mbili kila siku. Anasema mpaka tunagawana zitakuwa zimepita milioni ishirini. Ananionyesha kwenye simu, na kweli namba zinapanda. Lakini nikifungua redio nasikia soko fulani limefilisika, mara wezi wa Korea Kaskazini wamebeba mabilioni. Kikao kimegawanyika: wengine wanasema yote ni utapeli, wengine wanasema tunachelewa. Kijana si mwizi, namjua. Hii ni biashara ya kweli au siyo? Na kama ni ya kweli, mbona wanaibiwa kila kukicha?

Jibu

Waaleykum salaam dada yangu. Kikao chenu hakingoji, kwa hiyo natanguliza jibu la pesa: hizo milioni nne zisitoke sandukuni, hata kwa jina la mkopo, hata kijana akileta mdhamini. Asilimia mbili kwa siku ni ahadi isiyotimizika. Chukua kikokotoo cha simu uone mwenyewe. Shilingi milioni moja ikikua kwa asilimia mbili kila siku, na faida ikaachwa ndani, baada ya mwaka inakuwa bilioni moja na milioni mia tatu na ushei. Milioni nne zenu zingekuwa bilioni tano na nusu. Mtu mwenye uwezo wa kuzalisha hivyo angekopa milioni moja benki, akatulia mwaka mzima, na asingehitaji senti ya mtu wa Makorora. Hesabu hii ifanye mbele ya wenzako, kwa sauti. Inatosha kufunga mjadala wa hiyo kampuni kabla hatujagusa neno kripto.

Swali lako la pili ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu. Unauliza mbona wanaibiwa. Watu wengi huishia kusema "ni utapeli tu" na kuondoka, na siwalaumu, kwa sababu wenye masoko haya wamejitafutia sifa hiyo wenyewe. Lakini anayesema hivyo bila kujua wizi unapitia wapi huwa ndiye anayenaswa siku utapeli ukija na jina jingine.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo kijana wako amekuletea vikiwa fungu moja. Kuna sarafu yenyewe, kama Bitcoin, au USDT inayofuata thamani ya dola. Kuna soko, yaani kampuni inayonunua, kuuza na kutunza sarafu za watu. Na kuna hiyo "kampuni ya asilimia mbili", ambayo inakusanya pesa kwa jina la sarafu.

Sarafu yenyewe nitaipita haraka. Bitcoin ilielezwa kwenye andiko la Oktoba 2008 lililotiwa jina la Satoshi Nakamoto, na mtandao wake ukaanza Januari 2009. Ni daftari la miamala ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani, na mtu hawezi kuhamisha sarafu bila ufunguo wa siri wa mahali zilipoandikwa. Ufunguo huo ni namba ndefu sana, na kwa kawaida mwenye pochi, yaani programu au kifaa cha kutunza ufunguo, hupewa maneno 12 au 24 ya kuandika pembeni ili aweze kuurudisha akipoteza simu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Ukipotea, hakuna ofisi ya kwenda kupiga foleni. Ukiibwa, hakuna wa kurudisha muamala. Bei nayo inapanda na kushuka vibaya mno, na kwa pesa inayogawanywa Desemba hilo peke yake ni sababu ya kukaa mbali. Ila wizi mkubwa unaousikia redioni, karibu wote, haukutokea kwenye daftari. Ulitokea kwa watunza funguo.

Na hapo, dada yangu, wewe unajua zaidi ya vijana wengi wanaojiita wataalamu. Fikiria sanduku lenu. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wanaokaa nyumba tofauti. Anayelala na sanduku hana ufunguo. Halifunguliwi ila kwenye kikao, pesa zinahesabiwa mbele ya wote, katibu anaandika, na kila mwanachama anatoka akijua kiasi kilichomo na nani anadaiwa nini. Utaratibu huo haukuwekwa kwa sababu mnashukiana. Uliwekwa ili uaminifu wenu usitegemee moyo wa mtu mmoja. Sasa pima habari za redioni kwa kipimo hicho.

Mt. Gox lilikuwa soko la Tokyo, na wakati wa kilele chake sehemu kubwa ya biashara ya Bitcoin duniani ilipitia hapo. Februari 2014 likafunga na kutangaza kwamba Bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Baadaye zikapatikana kama 200,000 kwenye pochi ya zamani. Ilikuja kubainika kuwa wezi walikuwa wakizichota tangu 2011, huku wateja wakiendelea kuona salio zao ziko sawasawa. Hakuna aliyekuwa anafungua sanduku na kuhesabu. Wateja walianza kurudishiwa sehemu ya Bitcoin zao Julai 2024, miaka kumi baadaye. Wako waliokufa wakisubiri.

Kanada kulikuwa na soko la QuadrigaCX. Desemba 2018 mwanzilishi wake, Gerald Cotten, alifariki akiwa safarini India, kijana wa miaka 30. Kampuni ikatangaza kuwa yeye peke yake ndiye aliyeshika funguo za pochi za wateja. Watu wapatao 76,000 wakabaki wanadai. Dunia ikadhani ni msiba uliofungia mali ndani. Wakaguzi walipozifuatilia pochi wakazikuta tupu tangu miezi kabla ya kifo. Mwaka 2020 Tume ya Dhamana ya Ontario ikasema bila kuzunguka kuwa ulikuwa ulaghai: marehemu alijifungulia akaunti kwa majina ya bandia, akajiandikia salio ambazo hazikuwepo, akafanyia biashara mali za wateja na kuzipoteza. Mtu mmoja, funguo zote, hakuna wa kumkagua. Mngekubali kikoba kiendeshwe hivyo hata kama huyo mtu ni imamu wenu?

Halafu FTX, Novemba 2022. Hili lilikuwa soko la kisasa, lenye matangazo viwanjani na watu mashuhuri wakilisifia. Mwenye nalo, Sam Bankman-Fried, alikuwa pia na kampuni ya biashara iitwayo Alameda Research. Programu ya soko iliandikwa ili Alameda, tofauti na wateja wengine wote, iruhusiwe kwenda chini ya sifuri na kuendelea kuchota. Wateja walipokuja kwa pamoja kudai chao, likaonekana shimo la dola bilioni 8 hivi. Shimo hilo halikuchimbwa na mdukuzi wa nje. Lilichimbwa na mshika funguo. Machi 2024 alihukumiwa miaka 25 jela. Mwanasheria aliyepewa kusimamia muflisi, John Ray, ndiye aliyesimamia mabaki ya Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, na hata yeye alisema hajawahi kuona udhibiti wa ndani ulioharibika kiasi kile.

Baada ya FTX masoko mengi yalianza kuchapisha kile wanachokiita uthibitisho wa akiba: yanaonyesha pochi zao hadharani ili watu waone sarafu zipo. Ni hatua, na mimi naipongeza, lakini usiipokee kama jibu kamili. Ukihesabu pesa za sandukuni bila kufungua daftari la madeni, hujajua hali ya kikoba. Soko linaweza kuonyesha sarafu za dola bilioni moja huku linadaiwa bilioni mbili. Hata sarafu za kukopa kwa siku moja zinaweza kupigwa picha.

Tukio la Korea Kaskazini ulilolisikia huenda ni la Bybit, na hili nataka tulitazame kwa karibu, kwa sababu lilitokea kwa watu waliokuwa na kufuli nyingi. Tarehe 21 Februari 2025 soko hilo, lenye makao Dubai, lilikuwa linahamisha sarafu ya Ether kutoka pochi baridi kwenda pochi ya matumizi ya kila siku. Pochi baridi ni ile ambayo funguo zake hazikai kwenye kompyuta iliyo wazi kwa intaneti. Kila uhamisho ulihitaji sahihi za watu kadhaa. Watia sahihi wakafungua ukurasa, wakaona anwani sahihi na kiasi sahihi, wakaidhinisha mmoja baada ya mwingine. Mkuu wa kampuni, Ben Zhou, alikuwa wa mwisho.

Kumbe wezi walikuwa wameshaingia siku nyingi kabla kwenye kompyuta ya fundi wa kampuni nyingine, ile iliyotengeneza programu ya kutilia sahihi. Wakaibadili programu ili ionyeshe muamala mmoja kwenye kioo na kupeleka mwingine kwenye ufunguo. Kile kifaa kidogo cha kutilia sahihi kilionyesha mlolongo wa herufi na namba ambao binadamu hawezi kuusoma, wakabonyeza kukubali. Walichokubali kilikuwa kumkabidhi mtu mwingine mamlaka ya pochi nzima. Ether zaidi ya 400,000 zikaondoka, thamani yake karibu dola bilioni 1.5, na siku chache baadaye FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaitaja Korea Kaskazini. Ni sawa na akina mama wenu watatu kufika wote na funguo zao, wakafungua kwa hiari, kumbe karatasi waliyosomewa siyo ile waliyoitia dole gumba.

Nalisisitiza hili kwa sababu linajibu "mbona" yako. Kufuli nyingi hazitoshi kama wote wanatazama kioo kimoja na hakuna anayehakiki kwa njia nyingine. Lakini litazame na upande wa pili: Bybit haikufunga madirisha. Ilikopa, ikaziba pengo, na wateja waliotaka kutoa chao wakatoa. Soko lililoibiwa likalipa na soko lililojiibia likafunga ni vitu viwili tofauti, na gazeti likiandika "kripto yaibiwa tena" tofauti hiyo inapotea.

Mei 2025 soko kubwa la Marekani, Coinbase, lilitangaza kuwa baadhi ya wahudumu wake wa nje ya nchi walihongwa wakatoa taarifa za wateja. Wezi wakawapigia wateja simu wakiwa na majina yao na taarifa zao, wakijifanya wafanyakazi. Sauti inayokujua kwa jina kamili bado inaweza kuwa ya mwizi. Hilo mnalijua tangu zamani, kwa zile simu za "nimekutumia pesa kimakosa, naomba unirudishie".

Basi ukirudi kikaoni, waambie wanaosema yote ni utapeli kwamba shaka yao ni nzuri, waielekeze tu kwa mshika funguo. Na wale wanaosema mnachelewa uwaulize: tunachelewa kufika wapi? Mwenye bidhaa halali hana haja ya kukuharakisha. Haraka huhitajika pale ambapo pesa za leo ndizo zitakazomlipa wa jana.

Ndiyo maana hiyo kampuni ya asilimia mbili haimo hata kwenye kundi la Mt. Gox na FTX. Hao angalau walikuwa na soko. Kampuni ya kijana wako, kwa maelezo uliyonipa, ni upatu wa kitapeli uliovaa nguo mpya. Mnaikumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande "mbegu", yaani pesa zao, na wangoje kuvuna, wakauza mpaka viwanja. Serikali ikaisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani kwa kuendesha upatu, jambo ambalo Kanuni ya Adhabu yetu inalikataza. Kripto haikuwepo pale, wala haikuhitajika. Huko Bulgaria, Ruja Ignatova alianzisha OneCoin mwaka 2014, akakusanya mabilioni ya dola duniani, hadi kwa majirani zetu Uganda, na sarafu yake haikuwa na daftari lolote la kweli nyuma yake. Alitoweka Oktoba 2017. Afrika Kusini kulikuwa na Mirror Trading International, iliyosema ina roboti linalofanya biashara lenyewe na kuleta hadi asilimia 10 kwa mwezi. Ilipokea Bitcoin zaidi ya 29,000, na mwaka 2023 mahakama ya Marekani ikaamuru walioibiwa walipwe dola bilioni 1.7. Ona sasa: walioangamiza maelfu ya watu waliahidi asilimia 10 kwa mwezi. Kijana wako ameahidiwa zaidi ya asilimia 80 kwa mwezi.

Umeniambia namba zinapanda kwenye simu yake. Namba ile inaandikwa na mwenye tovuti, kama vile mtu yeyote anavyoweza kuandika kwenye ubao. Kuipima, mkalishe kijana na mfanye haya pamoja, bila ugomvi. Muulize programu aliipata wapi. Kama aliiweka kupitia linki ya WhatsApp au Telegram badala ya duka la programu la simu, hiyo ni alama ya kwanza, ingawa hata dukani za bandia huingia. Kisha mwambie afungue anwani aliyopewa ya kuweka USDT. Vijana wengi wanatumia mtandao wa Tron, na anwani zake huanza na herufi T. Ainakili, aende Tronscan, tovuti ya wazi inayoonyesha daftari la Tron, aibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtaona kila senti iliyoingia na kutoka. Mara nyingi katika upatu wa aina hii mtaona pesa za watu zikiingia ndogo ndogo, na baada ya muda mfupi zinazolewa zote kwenda anwani nyingine. Wakati huohuo simu yake itaendelea kumwonyesha kwamba pesa zake "ziko kazini".

Halafu kipimo kikubwa kuliko vyote: atoe. Na asitoe kidogo, maana kidogo hutolewa haraka na kwa furaha, ndicho chambo chenyewe. Aombe kutoa zote, mtaji na faida. Akiambiwa alipe kodi kwanza, au ada ya kufungua akaunti, au aongeze dola mia ili apande daraja, habari imekwisha. Hapa kwetu kodi inakatwa kwenye malipo au inalipwa TRA. Hailipwi kwenye namba ya mtu wa Telegram ili akuachie pesa zako.

Inawezekana pia kwamba kijana anafanya kazi nyingine halali kidogo pembeni: kununua na kuuza USDT mtu kwa mtu, akipokea shilingi kwa M-Pesa au Airtel Money. Wapo vijana Ngamiani na hata stendi ya Kange wanaopata riziki humo. Faida yake ni ndogo, na hatari yake ina sura mbili ambazo mwenye simu anapaswa azijue. Ya kwanza nilisimuliwa na kijana mmoja wa Ngamiani. Alikuwa anauza USDT, soko likazishikilia zile sarafu mpaka athibitishe kupokea malipo. Mnunuzi akaandika "tayari kaka, angalia". Ujumbe ukaingia, maneno yote ya muamala yako sawa, jina, kiasi, hata salio jipya. Akaachia sarafu. Alipopiga *150*00# kuangalia salio, hakuna kitu. Ujumbe ulikuwa umetumwa kutoka namba ya kawaida, ukaandikwa kufanana na wa mtandao. Kanuni ni moja: salio unaliangalia wewe kwenye menyu, huliamini kutoka kwenye ujumbe, na sarafu haiachiwi kabla ya hapo, hata mtu akikupigia kelele kuwa ana haraka.

Sura ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu pesa inaingia kweli. Inatoka kwa mtu mwenye jina tofauti na la mnunuzi. Mara nyingi huyo ni mtu mwingine aliyetapeliwa, ameambiwa atume kwenye namba hiyo. Akienda kulalamika, laini inayofungiwa na jina linaloitwa polisi ni la kijana wako. Jina la aliyelipa lisipolingana na jina la akaunti ya mnunuzi, pesa irudishwe na biashara ivunjwe.

Laini yenyewe nayo ni ufunguo. Januari 2024 akaunti ya tume ya dhamana ya Marekani, SEC, kwenye mtandao wa X ilitekwa na kutangaza uongo kuhusu Bitcoin, bei ikaruka. Mwizi alikuwa amefanikiwa kuhamishia namba ya simu ya akaunti hiyo kwenye laini nyingine, na akaunti haikuwa na ulinzi wa hatua mbili. Kama hilo limempata mlinzi wa soko la Marekani, basi kijana asitegemee ujumbe mfupi kama ulinzi. Aweke programu ya kuzalisha namba za uthibitisho, na apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kuhusu sheria, msimamo wetu umesogea kidogo kidogo. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba fedha halali Tanzania ni shilingi, na kwamba biashara ya sarafu hizi ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akizindua jengo la Benki Kuu Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hii. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kenya, hapo ng'ambo ya Horohoro, walitunga sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali mwaka 2025. Kwa mweka hazina maana yake ni hii: pesa yenu ikiwa benki ina Bodi ya Bima ya Amana nyuma yake mpaka kiwango fulani, ikiwa sandukuni ina kufuli tatu na macho ya kikao. Ikiwa kwenye soko la kripto haina bima hiyo, na ikiwa kwenye kampuni ya Telegram haina chochote. Tena ninyi ni kikundi kinachoguswa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mna katiba. Ukitoa milioni nne nje ya katiba, atakayejibu ni wewe, na kijana hatakuwepo kwenye orodha.

Sasa nirudi kwenye neno lako, "kijana si mwizi, namjua". Nakuamini, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Upatu hauwezi kuingia Makorora peke yake, kwa sababu hakuna anayeujua. Unaingia kwa mtu aliyelelewa hapo, anayeamkia wakubwa, ambaye watu watasema "huyu hawezi kutudanganya". Na hadanganyi: anaamini anachosema, huenda ameingiza akiba yake yote, na kwa kila mtu anayemleta anapewa asilimia, kwa hiyo hata yeye anadhani anafaidi. Siku mambo yakianguka wenye kampuni watakuwa nchi nyingine na yeye atakuwa mtaa huohuo, akidaiwa na mama zake. Kumkatalia milioni nne ni kumlinda yeye kabla ya kikoba. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo, mkiwa wawili, kabla ya kikao, asije akasikia mbele za watu akaona ameaibishwa na mama yake mdogo.

Kama mkifanya kile kipimo cha kutoa zote na pesa zake zikagoma, asiongeze hata shilingi. Apige picha za kioo za mazungumzo yote, ahifadhi anwani na namba za miamala kutoka Tronscan, namba za simu alizotumia pesa, na tarehe. Apeleke kituo cha polisi aombe shauri liandikwe kama kosa la mtandao, na ujumbe wa kitapeli autume 15040. Akimiliki pochi yake mwenyewe, yale maneno 12 asimpe mtu yeyote, hata anayejiita polisi au mhudumu. Na ajiandae: ndani ya muda mfupi atatokea mtu akisema anaweza kuzirudisha kwa ada kidogo. Majina ya walioibiwa huuzwa. Huyo ni tapeli wa pili, mara nyingi yuleyule wa kwanza kwa jina jipya.

Kikaoni, ombeni katibu aandike kifungu kwenye katiba kwamba pesa ya mzunguko haiwekwi kwenye chombo chochote ambacho wanachama hawawezi kuhesabu salio lake na kulitoa lote siku ya kikao. Kifungu hicho hakitaji kripto, kwa hiyo kitafaa hata kwa watakaokuja mwakani na jina jingine. Mkipitishe kabla ya mwezi huu kwisha, ili Desemba mgawane milioni tisa zenu zikiwa kamili.